Shajara ya mradi: kuhamisha santuri za The Sonics wa Tacoma bila kuwapunguza makali

Ingizo la 1. Kilichopo mezani

Mradi una kazi mbili zinazokwenda bega kwa bega. Ya kwanza ni kuhamisha kwenye kompyuta santuri za The Sonics, bendi ya roki ya mji wa Tacoma, jimbo la Washington, Marekani. Ya pili ni kuandika safari ya bendi hiyo kwa Kiswahili, santuri kwa santuri, ili anayefungua faili ajue anasikia nini na kwa nini kinasikika vile.

Tacoma ni mji wa bandari na viwanda, kusini ya Seattle. Larry Parypa, mpiga gitaa, alianzisha bendi mwaka 1960 akiwa kijana mdogo, na ndugu yake Andy akashika besi. Jina lilitokana na mngurumo wa ndege zinazovuka kasi ya sauti. Kambi ya jeshi la anga ya McChord ilikuwa jirani kabisa. Baadaye wakaingia Gerry Roslie wa kinanda, Rob Lind wa saksafoni na Bob Bennett wa drams, na kufikia 1964 Roslie ndiye aliyekuwa mwimbaji. Watano hao ndio tunaowahamisha.

Majina yawekwe sawa mapema, maana makosa mengi huanzia hapo. The Wailers watakaotajwa humu si wale wa Bob Marley wa Kingston, Jamaika. Ni bendi ya Tacoma iliyowatangulia Sonics. Na Seattle SuperSonics ilikuwa timu ya mpira wa kikapu, kuanzia 1967 hadi 2008. Ukitafuta "Sonics" bila kuongeza "Tacoma" utaletewa vikapu tupu.

Zilizopo: santuri ndogo mbili za "The Witch", moja ikiwa na "Keep A Knockin'" mgongoni na nyingine "Psycho", LP (santuri kubwa) ya 1965, "Here Are The Sonics!!!", na LP ya 1966, "Boom". Zote nne ni mono, yaani sauti ni ile ile kushoto na kulia. Hilo la mono lishikwe vizuri, kazi nzima italiegemea.

Ingizo la 2. Pleya ya Marekani kwenye umeme wetu

Pleya tuliyoanza nayo ilitoka Marekani: volti 110, mota ya zamani ya AC (umeme wa ukutani unaogeuka mwelekeo), puli na mkanda. Transfoma ya kushusha volti ikafungwa, taa ikawaka, sahani ikazunguka, na muziki ukatoka mzito na wa kusinzia.

Sababu ni hii. Transfoma hubadilisha volti, haibadilishi mzunguko wa umeme. Kule ni 60 Hz, huku ni 50 Hz, na mota ya aina hiyo hufuata mzunguko, haifuati volti. Kwa hiyo sahani inayotakiwa kuzunguka mara 45 kwa dakika ilizunguka mara 37.5. Wimbo hushuka nusu toni tatu na kidogo. Mtu asiyeujua wimbo anaweza kudhani Roslie aliimba kwa sauti nzito. Hakuimba hivyo.

Njia za kutoka ni tatu: puli ya 50 Hz ya modeli ile ile, pleya yenye mota ya DC (umeme wa moja kwa moja, kama wa betri) au inayoendeshwa na kristali, au kurekodi polepole na kurekebisha kwenye programu. Hii ya tatu tunaikataa kwa kazi ya kudumu, kwa sababu kichujio cha RIAA (kinachorudisha uwiano wa besi na sauti kali za santuri) ndani ya priamplifaya, kikuza sauti cha awali, kimepimwa kwa kasi sahihi. Ukicheza polepole, besi na sauti kali zote huangukia mahali pasipo pake, na kuipandisha kasi baadaye hakurudishi uwiano. Tumehamia pleya ya mota ya DC yenye skrubu ya kurekebisha kasi.

Onyo kuhusu karatasi ya mistari ya kupimia kasi. Ile ya Marekani ina mistari 160 kwa kasi ya 45. Chini ya taa ya 50 Hz mistari hiyo itatulia pleya ikiwa 37.5, nawe utafurahi bure. Ya 50 Hz ina mistari 133, na hata yenyewe hutulia kwenye 45.11, kwa hiyo kwa kasi sahihi itaonekana ikirudi nyuma taratibu. Halafu balbu nyingi za LED hazipepesi inavyotakiwa, hivyo mistari haionekani kabisa. Kisichodanganya: bandika alama kwenye lebo, rekodi video ya simu, hesabu mizunguko 90. Iishe kwa sekunde 120. Ukikosea robo ya mzunguko, kosa ni chini ya asilimia 0.3.

Ingizo la 3. Kuosha

Mchanganyiko: mililita 800 za maji yaliyokenekwa, mililita 200 za pombe ya isopropili, matone matatu ya sabuni ya maji isiyo na harufu wala rangi. Maji tunanunua yale yanayouzwa kwa ajili ya betri za magari. Hakikisha ni maji ya kuongezea, si asidi. Chupa hufanana na duka moja huuza vyote viwili. Brashi laini ifuate mitaro, isiikate. Suuza kwa maji matupu mara mbili, simamisha kwenye kichanja cha vyombo, kivulini. Jua la mchana hupinda santuri kabla hujamaliza chai.

Kabla ya pombe kugusa chochote, pima kama santuri ni ya vinili au ya polistirini. Santuri ndogo nyingi za Marekani za miaka ile zilimiminwa kwa polistirini, na pombe inaweza kuiharibu. Dalili: ni nyepesi na ngumu, ukiigonga kwa kucha hulia kwa sauti kali kama ya kijaluba cha plastiki, na lebo yake imegundishwa juu badala ya kushindiliwa pamoja na plastiki. Ukiwa na shaka, tumia maji na sabuni peke yake. Aina hiyo huchakaa haraka pia, kwa hiyo icheze mara chache: jaribio moja la kupima kiwango cha sauti, halafu rekodi yenyewe.

Karatasi za ndani zenye madoa ya kuvu zimetolewa zote. Hewa ya pwani huzirudishia kuvu hata ukizifuta. Tumeweka mifuko ya poliethilini. Ya PVC hapana, maana huacha ukungu juu ya vinili.

Ingizo la 4. "The Witch", nakala mbili

Kabla ya santuri kulikuwa na dansi. Sonics walipiga kwenye kumbi za vijana za eneo lao: Red Carpet, Skateland ya Olympia, Evergreen Ballroom, Spanish Castle, hata ukumbi wa parokia ya St. Mary's. Vijana walikuja kucheza, si kusikiliza, na bendi iliyokosa mshindo ilikosa mwaliko wa wiki inayofuata. Buck Ormsby, mpiga besi wa The Wailers, ndiye aliyewachukua na kuwaleta Etiquette, lebo ambayo Wailers wenyewe waliianzisha 1961 ili watoe santuri zao bila kusubiri kampuni kubwa. Huo ndio mtindo wa kaskazini-magharibi yote ya Marekani enzi hizo: bendi, ukumbi, studio na lebo vyote ndani ya mwendo wa saa moja kwa gari. Ndiyo maana nyimbo nyingi zilivuma pale na hazikuvuka.

"The Witch" ilitoka Novemba 1964, namba ET-11. Mgongoni kulikuwa na "Keep A Knockin'" ya Little Richard, wimbo wa kopi. Mwanzoni mwa 1965 mgongo ukabadilishwa kuwa "Psycho", utunzi wa Roslie. Kwa hiyo wimbo wa mgongoni unatosha kutenganisha nakala ya awali na ya baadaye, namba ikiwa ile ile. Redio ziliubana wimbo kwa sababu ya ukali na maneno yake, na bado unatajwa kuwa santuri ndogo ya bendi ya nyumbani iliyouzwa kuliko zote katika eneo hilo.

Kiufundi: tundu la katikati ni milimita 38, na adapta ya plastiki iliyokuja na pleya imelegea. Santuri ikikaa kando kwa nusu milimita tu, kwenye mtaro ulio milimita 70 kutoka katikati, sauti hupanda na kushuka kwa asilimia 0.7, mara moja kila sekunde 1.33. Kwenye gitaa la vurugu huisikii. Kwenye noti ndefu ya kinanda unaisikia mara moja, inayumba kama mlevi. Dawa: toa adapta, weka santuri kwa mkono, zungusha na uangalie mkono wa sindano. Ukiyumba kulia na kushoto, sogeza santuri kwa ncha ya kidole hadi utulie. Inachukua dakika tano kila upande, na hakuna programu inayoifanya vizuri hivyo.

Sindano: tumejaribu mbili za mviringo, ya mikroni 18 na ya mikroni 25, uzani gramu 2.5. Santuri za mono za wakati ule zilichezwa kwa sindano nene, nazo zilichimba ukuta wa mtaro kwenye kimo chao. Sindano ya 18 hukaa chini zaidi, na kwenye nakala yenye "Keep A Knockin'" ilikuta ukuta usioguswa. Kwenye ile yenye "Psycho" mambo yakawa kinyume, ile ya 25 ndiyo iliyotoka safi. Hakuna kanuni, jaribu zote mbili sekunde 20.

Ingizo la 5. Nini ni uchakavu, nini ni bendi

Hapa ndipo mradi ungeharibikia, na ndipo tumekaa muda mrefu kuliko pengine pote.

Sauti ya Sonics imepasuka. Gitaa limepasuka, saksafoni imepasuka, koo la Roslie limepasuka. Anayehamisha santuri nyingine yoyote akisikia hivyo hulaumu sindano au mtaro uliochakaa, halafu hukimbilia kichujio. Andy Parypa amewahi kueleza bayana kwamba mpasuko ule ni wa kweli: amplifaya zilisukumwa kupita uwezo, na Larry alikuwa akizichokonoa, hata kutoboa karatasi za spika kwa chuma cha kuvunjia barafu. LP ya 1965 ilirekodiwa kwenye studio ya Audio Recording, Seattle, mitamboni akiwa Kearney Barton, kwenye mashine ya njia mbili tu, na drams zote zilichukuliwa na maikrofoni moja. Kwa njia mbili hakuna nafasi ya kupanga upya baadaye. Uwiano uliwekwa watu wakiwa wanapiga. Bennett akigonga, chumba kizima kinagongwa.

Basi tunahitaji kipimo kisichotegemea sikio peke yake. Tunatumia viwili.

Kipimo cha kwanza kinatumia mono. Kwenye mtaro wa mono, kuta zote mbili zimebeba muziki ule ule. Vumbi na mkwaruzo haviko hivyo. Mara nyingi hukaa ukuta mmoja. Tunarekodi kwa katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya stirio, chaneli mbili, 96 kHz na biti 24. Kisha tunatengeneza mafaili mawili: la kujumlisha kushoto na kulia, na la kutoa kulia kutoka kushoto. La kutoa huzima muziki na kuacha uchafu. Ukisikiliza faili la kutoa na ukasikia mpasuko ukifuata sauti ya Roslie, mtaro umechakaa pale. Ukisikia chembechembe tu na mvumo, basi mpasuko unaousikia kwenye la kujumlisha ni wa utepe wa studio, wa amplifaya, wa bendi. Usiuguse.

Sharti: chaneli zilingane kabla ya kutoa. Zikipishana 0.5 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti), muziki haufi, hubaki kama 25 dB chini na kukudanganya kwamba ni uchakavu. Zikilingana ndani ya 0.1 dB, hushuka karibu 39 dB, na hapo unaweza kuamini. Katriji iliyoinama upande huleta kosa hilo hilo, iangalie kwa kioo kidogo kilichowekwa chini ya sindano. Kuta zikichakaa sawasawa, kipimo hiki hupoteza nguvu. Ndiyo sababu kuna cha pili.

Kipimo cha pili ni mahali wimbo ulipo. Mtaro wa nje wa LP hupita chini ya sindano kwa milimita 510 hivi kwa sekunde. Wa ndani kabisa, 210. Kadiri mwendo unavyopungua, mawimbi hubanana na sindano hushindwa kuyafuata, na mpasuko wa santuri yenyewe huongezeka. Santuri ndogo ya 45 huanza na 396 hivi. Sasa bahati iliyoje: kwenye "Here Are The Sonics!!!", "The Witch" hufungua upande wa kwanza na "Psycho" hufungua wa pili. Nyimbo zote mbili zimo pia kwenye santuri ndogo. Tuna rekodi moja iliyokatwa mara mbili, kwenye mitaro tofauti, kwa mwendo tofauti, ikachezwa na sindano tofauti. Mpasuko unaojitokeza sehemu ile ile ya wimbo kwenye santuri zote mbili haukuletwa na santuri.

Tumezipanga sambamba na kuzikagua mstari kwa mstari. Ule mkwaruzo wa saksafoni na gitaa vinapopiga pamoja upo kote. Mayowe ya Roslie yanayogonga dari na kukatika juu yapo kote, na kilele cha wimbi kimebanwa kwa umbo lile lile. Vyote tumeviwekea alama ya "bendi".

Ingizo la 6. Kichujio cha kuondoa milio ya tak

Tulijaribu kichujio cha kujiendesha kwa kiwango cha kati kwenye "Psycho". Matokeo: snea (ngoma kali ya drams) ya Bennett ililainika na saksafoni ya Lind ikawa kama imefungiwa kwenye blanketi. Programu hutafuta miinuko ya ghafla. Kijiti kikigonga ngozi ni mwinuko wa ghafla. Saksafoni inayokwaruza ni mlolongo wa miinuko mamia kwa sekunde. Programu haioni muziki, inaona takataka nyingi sana.

Njia ya kujikinga: usisikilize kilichobaki tu, sikiliza kilichoondolewa. Toa faili safi kutoka faili la asili, na usikilize mabaki. Ukisikia drams ndani ya mabaki, umemwibia mpiga drams.

Sasa tunatengeneza kwa mkono. Kuza picha ya wimbi hadi uone nukta moja moja. Tak ya vumbi ni mwiba mwembamba, mara nyingi kwenye chaneli moja, na unaisha papo hapo. Pigo la snea liko kwenye chaneli zote mbili na lina mkia unaofifia taratibu. Kifaa cha kurekebisha cha Audacity, programu tunayotumia, hukubali nukta 128 kwa mara moja. Kwa 96 kHz hiyo ni milisekunde 1.33, inatosha kwa tak nyingi. Inayozidi hapo tunaikata vipande viwili au tunachukua sehemu hiyo kwenye ukuta wa pili wa mtaro, ambao mara nyingi ni mzima. Wimbo mmoja wa dakika mbili na nusu unakula saa mbili za kazi.

Kiwango cha kurekodi: kilele cha muziki −10 dB. Tak hupanda juu ya muziki, na ikigonga sifuri umbo lake huvurugika na kurekebisha kunakuwa kugumu. Nafasi ya diski: megabaiti 35 kwa dakika.

Mvumo wa umeme pia una asili yake. Wa 50 Hz ni wetu, tafuta waya wa ethi. Ukikuta wa 60 au 120 Hz umekaa imara, umekuja na utepe kutoka Marekani. Uache, na uutumie kuhakiki kasi ya pleya.

Ingizo la 7. "Boom"

LP ya pili ilitoka 1966, imerekodiwa Tacoma kwenye studio ya Wiley/Griffith iliyozoea muziki wa kantri. Kuta zilikuwa zimefunikwa trei za mayai ili kuua mwangwi. Sonics walizibandua, wakataka chumba kilie. Kwa mhamishaji, maana yake ni mkia mrefu nyuma ya kila pigo, na kichujio cha kupunguza mvumo huula mkia huo kwanza. Hakitumiki hapa kabisa, hata kidogo.

Upande wa kwanza umekamilika. Kwenye upande wa pili santuri yetu imepinda kidogo kwenye ukingo. Ipo kati ya vioo viwili vya milimita 6, bila joto. Joto huinyoosha haraka na kuiharibu mitaro haraka vile vile.

Ingizo la 8. Iliyowekwa kando

Baada ya "Boom" bendi ilihamia lebo ya Jerden na kwenda Hollywood, studio ya Gold Star, kurekodi "Introducing the Sonics", iliyotoka 1967. Studio ilikuwa bora, sauti ikawa safi, na bendi yenyewe haikuipenda. Sisi pia tunaona kitu kimetolewa mle, na tukijua sasa mpasuko ule ulitengenezwaje, tunajua ni kitu gani. Itahamishwa mwisho, kwa stirio au mono kadiri nakala itakavyopatikana.

Kati ya 1966 na 1968 wale watano walitawanyika, wengine chuo, wengine bendi nyingine. Lind akawa rubani wa ndege za vita huko Vietnam. Jina liliendelea na wapigaji wapya. Watano wa asili walipanda jukwaani Paramount, Seattle, mwaka 1972. Mwaka 2007 Roslie, Larry na Lind walirudi jukwaani Brooklyn, na 2015 wakatoa albamu mpya. Maelezo haya yamewekwa kwenye faili la mwisho, mafupi hivyo hivyo, kwa kuwa santuri tulizonazo zinaishia 1966.

Ingizo la 9. Hali ya leo

Pande sita zimekwisha kati ya nane. Kila wimbo una mafaili matatu: la asili lisiloguswa, la kujumlisha lililotengenezwa kwa mkono, na la kutoa, ili atakayekuja akague tulichokiita uchafu.

Mbili zimeachwa na kasoro kwa makusudi: "Have Love, Will Travel" na "Good Golly Miss Molly". Kila moja hufunga upande wake wa LP ya 1965, kule mwendo uliko 210, na faili la kutoa linaonyesha mpasuko wa mtaro umechanganyika na wa bendi kiasi kwamba ukivuta mmoja unakuja na mwingine. Hatuna nakala ya pili ya nyimbo hizo ya kulinganisha. Maandishi kwenye faili yanasema: "Mpasuko wa dakika ya mwisho haukutenganishwa. Usichuje. Tafuta nakala nyingine, anza na sindano ya 18."